Mama Shekina Jukwaani

Shekina alianguka chali jukwaani, na kikombe cha bati kikabiringika hadi miguuni mwa wazazi wa mstari wa mbele. Berthe, mama yake, hakungoja kuambiwa. Wiki nzima alikuwa amemuuguza mtoto huyo malaria, na sasa alidhani imemrudia. Akajitupia kitenge begani, akapanda.

Kosa lilikuwa lake kutoijua hadithi ya mchezo. Kanisani kwao huigiza wakati wa Krismasi tu. Mengine yote Berthe aliyaita uongo uliovishwa nguo. Hata ruhusa aliitoa shingo upande, baada ya mwalimu Émérence kumfuata katika soko la Likasi kuomba Jumatano za mazoezi.

"Mama Shekina, unipatie ye siku ya mercredi tu. Huyu mutoto iko na sauti. Haiyatoka tu."

Hapo ndipo palipomuuma. Shekina alikuwa na miaka kumi na mitatu na bado aliwajibu wageni kwa kuinamisha kichwa. Majirani walikwisha kumwita bubu, na Berthe alijiuliza kila mara nani atamsemea mtoto huyo siku mama hayupo.

Basi akapiga magoti, akamwekea bintiye mkono kichwani na kuomba kwa sauti ya mkesha. Akina mama wa kanisa lake, ambao hawaachi mwenzao aombe peke yake, wakasimama na kudakia. Ukumbi wa shule ukawa ibada. Pembeni mwalimu alijishika mdomo, akiuona mchezo wa miezi yote ile unakwenda na maji.

Mgonjwa akafumbua macho. Akawatazama watu waliojaa tele.

"Mama, minye bado kufwa," akasema, na sauti ikafika hadi mlangoni. "Nitafwa ku mwisho. Sasa uniletee mayi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtoto yu mzima, na mtoto anasema. Berthe hakujua amshukuru Mungu kwa lipi kwanza. Akaokota kikombe kama alivyoagizwa, akamnywesha, akabaki hapohapo akicheka kwa furaha mpaka mwisho, hata mtoto alipokufa kimchezo, kwani hakuna aliyethubutu kumshusha.

Njiani kurudi nyumbani, tangu lango la shule, Shekina alikuwa akifoka. "Minye nakufwa, weye unacheka. Mama gani anacheka mutoto yake akifwa? Na ile kikombe ulikamata mubaya..."

Berthe akapunguza mwendo, nyumbani wasifike upesi, aisikie zaidi sauti hiyo.