Ndoo wa Kabatini

Ko, ko, ko.

Kidole kidogo kiligonga mlango wa kabati la nguo. Humo ndani, katikati ya makoti na mablanketi, mlikuwa na giza totoro ingawa nje jua la saa tisa alasiri lilikuwa likiwaka. Mama Kidoti akachomoa kichwa kutoka kwenye ndoo, akazima maiki.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Samahani, nipe Ndoo."

Akafumba macho. Ilikuwa miezi sita tangu apate kazi ya kuwa sauti ya Ndoo katika katuni ya watoto. Humo kwenye katuni Ndoo ni mama wa kambo, Pasi ni baba anayefanya kazi mbali, na Kopo ni mtoto wa nyumba mbili, wiki kwa mama, wiki kwa baba. Kila kipindi wanagombana dakika nane, wanapatana dakika mbili, kisha wanakumbatiana wote, hata Pasi, ambaye hukumbatiwa akishapoa. Kwa kuwa alikuwa na mtoto mdogo, walimruhusu arekodi nyumbani. Kabati lilimeza kelele za mtaa, na ile ndoo ya plastiki ya kufulia ikampa mwangwi ambao watoto waliupenda kufa.

Wala hakumficha mtu. Kidoti, binti wa miaka mitano mwenye doa jeusi juu ya mdomo, alionyeshwa kila kitu mchana kweupe. Mama aliingiza kichwa kwenye ndoo, akaongea kama Ndoo, akakitoa. "Umeona? Ni mimi."

Mtoto alimtazama kwa huruma. "Mama, sogea kidogo. Unamziba Ndoo."

Tangu siku hiyo, mama akisema "nenda kaoge", mtoto alikuwa kama ametiwa pamba masikioni. Ndoo akisema "oga", nguo zilikwishavuliwa. Na balaa likaenea. Baba Kidoti, fundi wa majokofu, ambaye ndoo yenyewe aliileta yeye kutoka dukani akiwa ameivaa kichwani kwa sababu ya mvua, naye akaanza kupitia kabatini kila akitoka kazini.

"Ndoo, wewe ni mtu mwenye busara. Hivi mke wangu amenuna nini?"

"Hukumuuliza mtihani wake wa masomo ya jioni ulikwendaje," mke wake akamjibu kwa mwangwi.

"Ahaa! Asante sana. Maana yule mwanamke hasemi kitu."

Mama mkwe ndiye aliyezidi. Alipiga simu: "Hujambo, mwanangu? Haya, nipe Ndoo." Kisha nusu saa nzima anamsema mkamwana wake, jinsi anavyoanika nguo, jinsi anavyofunga mlango, na Ndoo anaitikia, eti pole, mama, pole.

Yote hayo aliyameza. Kilichomkaba koo ni fomu ya chekechea. Siku ya Ijumaa kila mtoto angekuja na mama yake, na mama angesimama mbele ya darasa aeleze kazi yake. Wiki nzima Mama Kidoti alikuwa anafanya mazoezi mbele ya kioo. Blauzi alikwishaipiga pasi mara mbili. Halafu akaikuta fomu mezani, imejazwa kwa mwandiko wa mumewe. Mama atakayehudhuria: Ndoo.

"Mtoto ndiye kasema," mume akajitetea. "Na kwa kweli, mke wangu, Ndoo anajieleza vizuri."

Mwalimu naye alikwishapiga simu kuuliza kama Ndoo atahitaji kiti au ataketi chini.

Sasa ilikuwa Alhamisi.

"Nipe Ndoo," Kidoti akarudia nje ya kabati. "Nataka nimwambie avae nini kesho."

"Subiri, mwanangu. Mimi nina maneno naye kwanza."

Akasikia viti vikiburutwa. Baba Kidoti na mama mkwe, aliyekuja kusalimia, walikuwa wanakaa vizuri wasikilize.

"Ndoo, shoga yangu," Mama Kidoti akaanza kwa upole, "nakuomba kesho usiende. Yule nimemzaa mimi."

Akaingiza kichwa. "Kuzaa umezaa. Anayemuogesha ni nani?"

Akakitoa. "Mimi! Wewe huna hata mikono!"

"Hapo kamweza," mama mkwe akanong'ona.

"Mshikio ninao," Ndoo akajibu.

"Kweli anao," akasema Baba Kidoti.

Mama Kidoti alikuwa amepanga wagombane kidogo, kisha Ndoo akubali yaishe, kama kwenye katuni. Lakini kila alipoingiza kichwa, yalitoka maneno ambayo hakuyapanga, yale anayojiambia mwenyewe akiwa anaosha vyombo.

"Utasimama mbele ya watu useme nini?" Ndoo alifoka. "Kwamba unaongea ndani ya ndoo? Mama mzima, bado unabeba madaftari kwenda darasani! Watakucheka. Mtoto wako atakuonea haya. Nani akusikilize wewe? Kaa humu humu kabatini!"

Mwangwi ukatikisa hanga za nguo. Mama Kidoti akatoa kichwa. Akapapasa gizani, akapata mkono wa koti, akafutia machozi.

 

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia wote kwa mara moja. Kidoti alikuwa amesimama na fomu mkononi. Alimtazama mama yake aliyejikunyata kati ya makoti, nywele zimevurugika, pua imelowa. Kisha akaitazama ndoo. Akampa mama fomu, akaivuta ndoo kwa mshikio hadi katikati ya chumba, akaisimamisha pale mbele ya baba na bibi, akainyooshea kidole.

"Ndoo, usimfokee mama yangu."