Kasuku Haendi Popote

Tangu Fundi ajifungue mtoto wa pili, kila aliyeingia nyumbani kwake alitoka ameacha ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa ule ule: Kasuku apelekwe kwa bibi yake. Mwaka mmoja tu, mpaka mdogo wake asimame. Jirani wa kushoto alisema hivyo, jirani wa kulia akaitikia. Hata muuza sponji, mwanamume asiyejua nepi inafungwa mbele au nyuma, alisema hivyo huku akishusha mzigo mlangoni. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Lakini iliwawasha, tena sana.

Fundi alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, meza ya kukatia upande wa dirisha, cherehani upande wa mlango, na katikati kochi lolote lililokuwa linavuliwa nguo wiki hiyo. Kasuku alikuwa binti yake wa miaka mitano, na jina hilo alilipata kwa haki, maana hakuna neno lililowahi kuingia sikioni mwake likashindwa kutoka mdomoni. Yule mchanga, wa kiume, alikuwa na wiki saba. Kasuku alimwita Mgeni, na siku ya kumi aliuliza mgeni huyu anaondoka lini.

Tuseme kweli: maji yalikuwa yamezidi unga. Kasuku aliyekuwa akijivalisha viatu mwenyewe sasa alitaka avalishwe, tena na mama, si mwingine. Alirudia kukojoa kitandani. Alimwaga chupa nzima ya sabuni ya maji kwenye beseni la nepi ili zitakate upesi, na Fundi akasuuza povu asubuhi nzima. Mgeni akisinzia, Kasuku anaanza kuimba. Mgeni akinyonya, Kasuku anataka kupakatwa paja lile lile.

Mume wa Fundi alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Msoma Mita. Angeweza kukuambia bomba la nani linavuja kwa kutazama tarakimu tu. Mita ya nyumbani kwake ndiyo iliyomshinda kuisoma. Mama yake alipomwambia kwamba angekuja Jumamosi kumchukua mjukuu, yeye alijibu, "Tutaona, mama." Kwa mwanamume yule "tutaona" ni "ndiyo" inayoogopa kusikika. Bibi akaenda zake kutandika kitanda.

"Haendi," Fundi alisema alipoambiwa.

"Sasa wewe, ni mama yangu. Hatamla."

"Haendi, Baba Kasuku."

"Hebu jitazame. Juzi nimekukuta umesinzia na mkasi mkononi. Unataka tukuokote chini?"

Hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Aliondoka bila kujibu, akaenda kupiga misumari kwenye fremu isiyohitaji msumari hata mmoja. Msoma Mita alijua kwamba mkewe alilelewa na shangazi. Hakujua alifikaje huko. Alifika kwa njia hii hii: alikuwa na miaka sita, mdogo wake alizaliwa, watu wazima wakakubaliana mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa mwaka. Aliporudi kwao alikuwa na miaka kumi na miwili. Shangazi hakumtesa, tusimsingizie mtu. Lakini Fundi hakuwahi kuwasamehe waliompeleka, na hakuwa na mpango wa kuanza.

Wiki ile kochi la katikati lilikuwa la daktari wa meno, la watu watatu, la chumba cha wagonjwa kusubiria. Daktari alichagua mahameli ya kijani. Mahameli ni kitambaa chenye kiburi. Kina njia yake: ukikipapasa huku kinalala, ukikipapasa kule kinasimama, na kikisimama rangi yake inakoza. Ukishona kipande kimoja kinatazama juu na jirani yake kinatazama chini, mteja ataapa umemchanganyia vitambaa viwili. Ndiyo maana Fundi, kabla ya kukata, huchora mshale wa chaki mgongoni mwa kila kipande, akifuata njia ile. Alikuwa amemweleza Kasuku mara nyingi, maana Kasuku haulizi mara moja: mshale unaonyesha njia.

Alhamisi alipanga vipande vyote vya mito juu ya meza, vimegeuzwa, akaanza kuchora. Mgeni akalia. Akaenda akamnyonyesha, akasinzia naye, akazinduka, akarudi. Akakuta kila kipande kina mshale wake. Mtu mwenye usingizi wa kutosha angejiuliza. Fundi alijipongeza. Aliona kumbe mikono yake inafanya kazi hata kichwa kikiwa kimelala, akashukuru, akaketi kwenye cherehani.

Jumamosi asubuhi alifungua dirisha ili mwanga uingie, akarudi hatua tatu kulitazama kochi. Mito miwili ilikuwa imekoza kuliko mingine yote, imekaa katikati ya kochi kama meno ya bandia.

Alichomoa foronya, akaigeuza ndani nje. Mshale haukuwa wake. Wake ni mfupi na umenyooka. Huu ulikuwa na kichwa kikubwa na mkia unaoyumba, na pembeni yake palikuwa na kitu chenye paa na mlango.

"Kasuku! Njoo hapa."

Mtoto akaja, akaona, akatazama vidole vya miguu yake.

"Nani kachora hii?"

"Mimi na chaki."

"Kwa nini?"

"Wewe ulisema mshale unaonyesha njia."

"Njia ya kitambaa, mama. Ya kitambaa."

"Mimi nilichora ya kurudi," Kasuku alisema. "Bibi alisema nitakaa kwake mpaka Mgeni asimame. Na Mgeni hasimami, mama. Nimemsimamisha, anakunja miguu."

Fundi aliketi sakafuni pale pale, foronya mapajani. Alitaka kulia na alitaka kupiga kitu, na kwa kuwa mtoto alikuwa anamtazama, hakufanya lolote kati ya hayo. Alimvuta akamkumbatia. Aliwaza haraka. Bibi alikuwa njiani, na Bibi akijua kwamba Kasuku ndiye aliyeharibu kazi ya mteja, hakutakuwa na la kujadili. Hata Msoma Mita ataona ndiyo dawa. Basi funika kombe. Atasema kitambaa kilitoka kiwandani na kasoro.

"Hili tusimwambie mtu," alimnong'oneza. Na hapo ndipo unapojua jinsi alivyochoka: alikuwa anamwambia Kasuku.

Bibi aliingia saa nne na mkoba mtupu wa kubebea nguo za mjukuu, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka na macho yasiyopitwa na vumbi. Kabla hajamaliza kusalimia, mlango ukabishwa tena: daktari wa meno, amekuja kutazama kazi yake. Msoma Mita akatoka ndani amembeba Mgeni, akasimama karibu na mlango wa jikoni, mahali anapopenda kusimama mambo yakiwa mazito.

Daktari alilizunguka kochi. Aliinama, akalitazama kwa namna anavyotazama midomo ya watu. "Hii miwili," alisema taratibu, "mbona imekoza kuliko mingine?"

"Usingizi huo, daktari," Bibi akadakia. "Umsamehe. Mama mwenye watoto wawili, mikono yenyewe miwili, hiyo hiyo ya kushonea. Ndiyo maana nimekuja kumpunguzia."

Fundi akafungua mdomo ataje kiwanda. Hakuwahi.

"Ni mimi," Kasuku akasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Nilichora mishale mingine. Mama kasema tusimwambie mtu."

Msoma Mita akatazama dari. Bibi hakupaza sauti. Alishinda, na aliyeshinda hana haja ya kelele. "Umeona sasa, Mama Kasuku? Si kwa ubaya. Huyu mtoto ana wivu wa mdogo wake, na wivu unaharibu. Leo kitambaa, kesho je? Niletee nguo zake."

Basi Fundi aliinuka. Uongo ulikuwa umeshamponyoka, na ajabu, alijisikia mwepesi. Alimgeukia mteja kwanza, maana kazi ni kazi.

"Daktari, ni kweli. Binti yangu alichora, na mimi sikukagua. Kosa la kukagua ni langu. Kitambaa hakijaharibika, vipande vimegeuzwa tu, navifumua na kuvirudisha. Kochi hili halitoki hapa leo. Jumatano njoo, na ukiona tofauti ya rangi hata kwa tochi yako ya meno, usinilipe."

"Wagonjwa wangu wenyewe hawatazami kochi," daktari alisema. "Wanatazama mlango wa kutokea."

"Mimi nalitazama."

Daktari akakubali Jumatano. Alikuwa amekwishapata njia ya kuelekea nje na akaitumia haraka, kwa sababu alimwona Fundi anavyopumua.

"Nguo zake ziko wapi?" Bibi akauliza tena.

"Kabatini, mama. Na zinabaki kabatini."

"Mwanangu, mimi nakusaidia wewe."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mama. Wote mnaouona mzigo wangu mnaona sehemu moja tu ya kupunguza, na sehemu hiyo ni mtoto. Hakuna aliyesema apunguze nepi. Hakuna aliyesema apike. Kuna beseni limejaa huko nyuma tangu jana. Baba Kasuku anapita akiliruka kama dimbwi."

Msoma Mita akasogeza mguu, kama kwamba beseni lilikuwa pale pale.

Bibi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kutii na kutiiwa. Akamwinamia mjukuu, akalainisha sauti. "Haya, tusigombane. Tumuulize mwenyewe. Kasuku, mwanangu, unataka kwenda kukaa na bibi? Kitanda chako nimekutandikia, kina mto mwekundu."

Kasuku akatazama uso wa bibi, kisha wa baba, kisha wa mama, akitafuta jibu wanalolitaka.

"Haulizwi," Fundi alisema.

"Kumuuliza tu kuna dhambi gani?"

"Mtoto haulizwi kama anataka kukaa kwao. Ukimuuliza umeshamwambia kwamba si kwao." Sauti ilikuwa inamtetemeka na aliiacha itetemeke. "Mimi nilipelekwa, mama. Mwaka mmoja tu, kama mnavyosema nyinyi. Nilirudi baada ya miaka sita, mama yangu mzazi akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akaniuliza chai yangu naweka sukari vijiko vingapi. Mdogo wangu hakuulizwa. Yake ilikuwa inajulikana. Nikajibu viwili, nikasema ahsante, kama mgeni mwenye adabu. Huyu hataniambia ahsante kwa chai. Huyu atanikojolea kitanda, atanimwagia sabuni, ataniharibia mahameli ya wateja wote wa mji huu, na atakuwa anafanyia hapa."

Mgeni alianza kulalamika begani mwa baba yake, na Msoma Mita, bila kumpeleka kwa mama kama kawaida yake, akambadilisha bega na kumpigapiga mgongoni. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyeishi miaka minane juu ya bomba linalovuja na leo ndiyo kwanza amesikia maji.

Bibi akamgeukia. Kwake ndiko lilikokuwa tumaini lake. "Na wewe baba mwenye nyumba, umesikia? Unasemaje?"

Fundi alisubiri lile neno, "tutaona". Alilijua, akajifunga kiuno kulipokea.

"Haendi, mama," Msoma Mita alisema.

Ilimtoka kwa sauti ndogo, na akaonekana kuishangaa. Akaisema tena, kubwa zaidi. Kisha akamkabidhi mama yake yule mchanga, akakunja mikono ya shati na kwenda nyuma kwenye beseni. Walisikia maji yakimiminwa.

Bibi alibaki ameshika mjukuu asiyekuja kumfuata. Alimrudishia Fundi mikononi, si kwa hasira wala kwa upole, akaokota mkoba wake. Mlangoni alisimama. Lazima mtu kama yeye aseme neno la mwisho.

"Maji yakiwafika shingoni mtanitafuta."

Fundi alikuwa na Mgeni mkono mmoja, na mkono wa pili Kasuku ameung'ang'ania kwa mikono yake yote miwili.

"Tutakutafuta, mama," alisema. "Tutakuja wote wanne."