Mtoto wa Mwisho Hajapimwa

Usijifanye hukuuona ule uwanja wa shule. Uliegesha gari lako juu ya mstari wa goli, ukaingia kikao cha wazazi kulalamika kwamba watoto wamenenepa. Nilikuona. Mimi ni fundi cherehani, duka langu linatazamana na lango, na sisahau.

Miaka kumi na tisa nashona sare. Kila moja huiachia akiba ya kitambaa, chini na kiunoni. Zamani mlikuja niteremshe upindo: mtoto karefuka. Tangu mwalimu mkuu augeuze uwanja kuwa maegesho, eti mpira mmoja ulipasua kioo kimoja, mnakuja nifungue kiuno.

Kilichonitia hasira ni hali ya binti wa kaka yangu. Ana miaka tisa, darasani wanamwita Pipa, na ngazi za dukani kwangu alikuwa akizipanda kwa kupumzika mara mbili. Daktari alisema haumwi, anahitaji kucheza saa nzima kila siku. Acheze wapi? Mapumziko walikaa ukutani wakitazama magari.

Mwaka huu mwalimu mkuu akabandika tangazo lenye muhuri: sare mpya zitapimwa uwanjani kila asubuhi, magari yakae nje, hadi mtoto wa mwisho apimwe. Alidhani ni kazi ya siku mbili. Mdharau mwiba huyo.

Siku ya tatu alibaki mmoja, binti yetu. Anaichukia futi yangu, maana mwaka jana kipimo cha kiuno chake kilisomwa kwa sauti, darasa zima likacheka. Nilipomsogelea akatimua mbio. Nikamfuata, nikaachwa. Wenzake wengine wakaja kunisaidia kumkamata, wengine kumkinga, na uwanja ukawa vumbi tupu. Kengele ikalia hajapimwa. Magari yakashinda nje.

Jioni nilimwambia binti kwamba mimi shangazi yake sina haraka. Kesho akimbie tena.

Asubuhi ya kumi mwalimu mkuu akatoka ofisini, shati limechomoka.

"Fundi, huyo mtoto apimwe leo."

"Ana mbio, mwalimu. Nishikie basi."

Akajaribu, maskini. Alilizunguka goli mara moja na nusu, akainama akishika magoti. Binti akarudi, akasimama hatua tatu mbali na mkono wake.

"Shikamoo mwalimu. Pumzika kwanza, nitakungoja."

Tangu siku hiyo jina la Pipa limekufa. Wanamwita Mtoto wa Mwisho, naye anaitika. Kiuno chake sikijui na sikiulizi. Ngazi zangu anazipanda bila kusimama, hilo nalijua.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Mkono wa fundi hautulii: nikamshonea sare kwa kukisia kwa macho, ikamkaa kama ngozi, naye akaivaa shuleni kwa furaha. Mwalimu mkuu akaitazama, akacheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Mwenye sare mpya amekwisha kupimwa, akasema, na tangazo akalibandua. Nikamwapia futi haikumgusa. Nani aamini?

Jumamosi saa nne kamati ya shule inawaita wazazi kupiga kura: uwanja wa watoto, au wa magari kuanzia Jumatatu. Binti ameniuliza kama akimbie tena. Nimemwambia zamu hii si yake.

Ni yako. Liache gari nyumbani, mshike mwanao mkono, mje kwa miguu. Ukifika usikae nyuma ukichezea simu. Nyoosha mkono, na usiushushe mpaka uhesabiwe.