Upepo Sifuri Kishanda

Nje, majani ya migomba ya Kishanda yalikuwa yakichanwa nyuzinyuzi na upepo. Ndani, kioo cha mtambo wa hali ya hewa kilisema upepo ni sifuri. Kemilembe alikifuta kwa ncha ya kanga, akakitazama tena. Sifuri, siku ya tatu.

Mtambo aliuleta binti yake, Annastella, ili akiwa Bukoba mjini ausome kwenye simu. Kisa kilikuwa mtoma, mti mkongwe ulioinamia paa la chumba walimolala wazazi wake. Alikuwa ameapa: upepo ukigonga kilomita hamsini kwa saa, hata mara moja, analeta watu wa msumeno.

“Mama, betri umebadilisha?” aliuliza simuni.

“Nimebadilisha. Joto linasoma, mvua inasoma. Upepo tu ndio umenuna.”

“Basi ni waya, au vile vikombe vinavyozungushwa na upepo vimekwama. Mwambie tata apande.”

“Tata yako analalamika goti,” Kemilembe alimtetea mumewe.

“Goti gani? Juzi si alikuwa juu ya paa anafagia majani?”

Kemilembe alitoka nje na simu mkononi. Aliufuata waya kwa vidole, pole pole, kama achambuaye mchele. Panya hawakuutafuna. Kichwa cha waya hakikuwa na kutu. Akaegemeza ngazi kwenye mlingoti wa mtambo, akajifunga kanga vizuri, akaichomeka simu kiunoni bila kuikata, akapanda.

Juu hakukuta utando wa buibui wala tope la nyigu. Vikombe vitatu vilikuwa vimefungwa kwa ukanda wa gome kavu la mgomba, ukazungushwa mara mbili, ncha ikafichwa chini. Fundo lile alilijua. Miaka arobaini na mitano alikuwa akilifungua kwenye mizigo ya mumewe.

“Shuka, Mama Alexander.”

Byabato, mumewe, alikuwa amesimama chini ya ngazi. Ni yeye tu aliyebaki kumwita hivyo. Alexander, mzaliwa wao wa kwanza, aliishi miezi kumi na mmoja. Mtoma waliupanda kichwani pa kaburi lake, wakiwa vijana wasiojua pa kuweka mikono yao.

“Wakiukata, shina litaoza,” Byabato alisema. “Likioza, pale patakuwa shamba kama shamba jingine.”

Vidole vya Kemilembe vililegea. Kwa kitambo, yeye naye alitamani kulikaza fundo lile.

“Na ukituangukia tumelala?”

“Basi tutakuwa watatu.”

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyelala na neno siku nyingi, likamzoea. Usiku Kemilembe alikuwa akimsikia mumewe yu macho, akadhani anausikiliza mti kwa hofu; kumbe alikuwa akiungoja.

Mtoma ulilia, mlio mrefu kutoka ndani ya shina.

“Mama?” simu iliita kiunoni. “Umeona nini huko juu?”

“Subiri, mwanangu.”

Akaivuta ile ncha. Ukanda ukaruka na upepo. Vikombe vikatikisika, vikazunguka, visionekane tena kuwa vitatu.

“Inasoma,” alisema Annastella. “Ishirini na sita. Thelathini na tisa. Mama, hebu shuka hapo.”

Byabato alikuwa ameshageuka. Alikwenda hadi mtomani bila kuchechemea, akauegemezea mgongo, nyayo akizichimbia udongoni kama azuiaye mlango.

“Arobaini na nne,” ilisema simu. “Arobaini na saba.”