Duka Lisiloandikwa

"Nani kakutuma uunde seva kwa mkono, kwa kubonyezabonyeza?"

"Dada, nilitaka kuwahi, na wewe—"

"Kuwahi wapi? Kisichoandikwa kwenye faili, mtambo unakifuta; kilichoandikwa, unakiunda vilevile!"

Ndivyo mtambo ulivyofanya. Dada aliuwasha, programu inayolinganisha seva na faili, nao ukafagia seva zote, kompyuta zilizobeba duka la mtandaoni, ambazo mdogo wake alizitengeneza kimyakimya. Mwenye duka, Mama Magodoro, alikaa pembeni roho mkononi, wateja wake wakigonga mlango usiokuwepo.

Mdogo mtu, jasho likimtoka, akaliandika duka lote, kila kipande chake, kwenye faili. Mtambo ukawasha seva kwenye makampuni mawili yanayokodisha kompyuta, huku na kule. Duka likarudi vilevile.

Mama Magodoro akashusha pumzi, kisha akasogeza kiti.

"Wanangu, niandikieni na mume wangu humo kwenye faili. Awe vile alivyokuwa tulipochumbiana."