Sayari Kumi na Moja za Kaka wa Fundi Cherehani

Pale kazini waliniita Sanduku, kwa maana ya sanduku la maoni. Kampuni yetu ilitengeneza mchezo wa kompyuta ambamo mtu hurusha chombo chake angani, hugundua sayari na kuipa jina alitakalo. Kazi yangu ilikuwa kusoma maombi ya wachezaji na kupeleka machache kwenye kikao cha Jumatatu.

Maombi hayakuwa haba. Mmoja alitaka rubani wake awe na kitambi, kwa kuwa yeye mwenyewe anacho. Mwingine alitaka wageni wapige hodi kabla ya kuingia kwenye chombo chake. Na maelfu kwa maelfu walitaka mbwa wa kusafiri naye.

Kulikuwa pia na mama mmoja aliyejiita Fundi Cherehani. Hakuwa mchezaji hasa. Mchezaji alikuwa kaka yake, aliyelala kitandani miaka miwili ya mwisho wa uhai wake. Alikuwa amegundua sayari kumi na moja, akazipa majina ya watu wa kwao. Si majina ya kwenye vyeti, bali yale ya utani aliyowabandika tangu utotoni. Alipofariki, dada yake alijifunza mchezo, akafungua akaunti yake mwenyewe. Wateja wakipungua dukani, anaingia, anaruka kutoka sayari hadi sayari, anasoma majina, anacheka peke yake, anarudi kwenye cherehani.

Kisha tukatangaza kwamba toleo jipya litafuta kila akaunti iliyokaa miezi sita bila kufunguliwa. Sayari zake zitarudi kuwa namba, ili wachezaji wapya wapate za kugundua. Fundi akaandika: "Naomba kitu kimoja tu. Majina aliyoyatoa kaka yangu yabaki. Nywila yake sina, ameondoka nayo."

Tulikuwa na jibu letu la kila siku: asante, ombi lako limepokelewa. Nililituma, halafu nikaongeza kwa mkono wangu: "Nitalifuatilia mwenyewe."

Kikaoni mkuu wetu, tuliyemwita Kepteni kwa vile hakuvua kofia hata ndani, aliniuliza, "Ombi hilo limepata kura ngapi za wachezaji?"

"Nne."

"Na mbwa?"

"Elfu arobaini."

"Sasa Sanduku, tunajadili nini hapa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nikamwendea shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyekuwa akitunza kumbukumbu za mchezo. Nikamwomba aifungue ile akaunti mara moja tu, ihesabike imetumika.

"Hilo dogo, shemeji. Dakika mbili. Nipe hadi Alhamisi."

Neno lake lilinitosha. Siku hiyohiyo nikamwandikia Fundi Cherehani: "Limeshughulikiwa."

Alhamisi nilipita kwenye meza ya shemeji. Alikuwa anahangaika na mkia wa yule mbwa wa toleo jipya, uliokuwa ukitokeza upande wa pili wa ukuta wa chombo. Macho yalikuwa yamemwiva. Sikumuuliza. Jumapili nilikwenda kwao, nikala, nikacheza na watoto, na hapo pia nikanyamaza. Niliona haya kumdai mtu kazi mezani kwake, mbele ya dada yangu.

Siku moja kabla ya toleo kutoka, mlinzi alinipigia kuwa nina mgeni. Chini nilimkuta mama mfupi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Alinikabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na blauzi ya kijani.

"Nimekukadiria kwa ile picha yako iliyo kwenye tovuti," alisema. "Mabegani nimeachia nafasi kidogo. Ijaribu, mwanangu, nione."

Niliivaa juu ya nguo zangu. Ilinikaa kama nilipimwa. Alinizungusha, akavuta mshono mmoja, akaridhika.

"Umetutendea wema," alisema. "Wadogo zangu wanakusalimia."

Nilipanda ngazi mbio hadi kwa shemeji. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Ningeweza kumpigia simu. Nikajiambia kesho asubuhi nitamkuta.

Asubuhi nilipofika, toleo lilikuwa limeshatoka.

"Shemeji, nimesahau kabisa," alisema, mikono kichwani. "Huo mkia umenimaliza."

"Yarudishe."

"Niyarudishe kutoka wapi? Tumefuta na nakala."

Mchana huo walikata keki. Kepteni alinisimamisha mbele ya wote na kusema, "Huyu ndiye sikio la wachezaji wetu!" Walimpigia mbwa makofi, mimi nikayapokea.

Baada ya siku tatu Fundi Cherehani alipiga simu.

"Mwanangu, nimeingia naona namba tupu. Nimepotea njia?"

"Hujapotea, mama. Majina yamefutwa."

"Si uliniandikia limeshughulikiwa?"

"Nilikuandikia mapema. Halikushughulikiwa."

Nyuma yake nilisikia cherehani ya mtu mwingine ikienda, ikasimama, ikaenda tena.

"Basi nisaidie hili," alisema. "Tumekaa na wadogo zangu tunayaandika kwenye daftari. Tumepata tisa. Mawili yametutoka kabisa. Nisomee tu kwenye makaratasi yenu."

Makaratasi hayakuwepo. Katika barua zake zote hakuwahi kuyaorodhesha, wala mimi sikuwahi kumuuliza. Na mchezo ule ulikuwa kwenye kompyuta yangu kutwa nzima. Ingenichukua muda wa kunywa chai kwenda kwenye sayari zile na kuyasoma kabla hayajafutwa. Sikwenda.

"Hata moja hulikumbuki?" aliuliza.

"Sikuwahi kuyaona, mama."

Hakunitukana. Alisema, "Haya, kazi njema," akakata simu.