Hewa Iliyomgomea Profesa

Mtaani walimwita Profesa, ingawa elimu yake yote ya magari aliipata kwenye simu, akiwa amelala chali kitandani, akitazama video za watu waliochafuka mikono. Kazi yake halisi ilikuwa kugonga mihuri ofisini. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshamzoea. Ukiolewa na mjuaji, unajifunza kunyamaza kama ukuta.

Lakini asubuhi hiyo kunyamaza kulikuwa kugumu. Mama mzazi wa mkewe alikaa kiti cha nyuma, na jicho lake la kushoto, lililofunikwa na mtoto wa jicho, lilikuwa limesubiri upasuaji miezi saba. Kadi ya hospitali ilisema wazi: uandikishaji unafungwa saa nne kamili, na atakayechelewa ataanza foleni upya. Saa tatu kasoro dakika kumi, walipomaliza kupanda kilima na kuanza kushuka, taa nyekundu ikawaka na mshale wa joto ukapanda kama bei ya sukari.

"Taa imewaka," alisema mkewe.

"Nimeiona. Taa za magari haya ni za uongo."

"Na huo moshi?"

"Siyo moshi, ni mvuke," alisema Profesa, kana kwamba hilo lilikuwa faraja.

Aliegesha pembeni, pua ya gari ikiangalia bondeni. Tumpe haki yake: alijua kwamba kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, hakifunguliwi kikiwa cha moto. Walisubiri dakika ishirini, naye akazitumia zote kumweleza mama mkwe jinsi injini inavyopozwa. Mama mkwe aliitikia "ehe" na "kumbe" kwa adabu, huku akimuuliza binti yake kila mara ni saa ngapi.

Injini ilipopoa, Profesa alimimina chupa mbili za maji mpaka yakafika mdomoni, akafunga kifuniko, akapangusa mikono iliyokuwa safi tangu mwanzo.

"Imeisha hiyo."

Hawakumaliza hata kilomita moja. Mshale ukaanza kupanda tena. Profesa akawasha kipasha joto cha ndani, akasema wataalamu hupunguza moto wa injini kwa njia hiyo.

Mama mkwe alinyoosha mkono katikati ya viti, akauweka mbele ya tundu la kipasha joto.

"Baba, si unasema injini inaungua?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hapa unatoka ubaridi?"

Profesa alikohoa. Kikohozi hicho mkewe alikijua vizuri. Ndicho kilichotangulia siku alipotengeneza pasi na nyumba nzima ikakosa umeme.

Waliegesha na kuzima injini. Saa tatu na dakika kumi na nane.

"Mle ndani mna hewa," alisema mama mkwe. "Miaka ishirini nimeuza mafuta ya taa, nikiyavuta kwa mpira kutoka kwenye pipa. Pipa limejaa pomoni na mafuta hayaji, kwa sababu hewa imekaa katikati ya mpira kama mgeni asiyejua kuaga. Usipoitoa, utavuta mpaka mashavu yaume."

"Mama, samahani sana, injini siyo pipa."

"Kweli, baba. Pipa halijawahi kunichelewesha hospitali."

Mkewe aligeukia dirisha ili asionekane anacheka. Kisha akatazama saa, akaacha kucheka. Miezi saba mama yake alimimina chai pembeni ya kikombe na kusema kikombe ndicho kilichosogea.

"Baba watoto, hakuna mahali pa kutolea hiyo hewa?"

"Palikuwepo. Kiskrubu kidogo juu ya mpira wa rejeta. Kilikuwa kinavuja wiki iliyopita, nikakitia gundi."

"Gundi gani?"

"Ile kali."

"Ile niliyonunua kwa ajili ya viatu vyangu?"

Profesa alishuka, akafunua boneti. Alijaribu kukifungua kile kiskrubu kwa koleo, kikakataa katakata. Kazi pekee aliyowahi kuifanya ikadumu ndiyo iliyokuwa ikiwazuia.

"Hewa hupanda juu," alisema mama mkwe kutoka ndani. "Geuzeni gari lielekee kilimani, ili kile kifuniko kiwe juu kuliko vyote."

"Kwenye video hawakusema..."

"Geuza," alisema mkewe. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kumpa mumewe amri isiyo na mkia wa heshima. Profesa aligeuza.

Walisubiri ipoe. Kisha mkewe akakunja kitambaa mara nne, akafungua kifuniko taratibu, akaongeza maji na kumwambia mumewe awashe injini, kipasha joto kikiwa mwisho kabisa. Akaanza kuukamua mpira wa juu, mkono mbali na feni, kama mtu anayekamua nguo nzito. Rejeta ikabeua. Mapovu makubwa yakatoka, maji yakashuka. Akaongeza. Akakamua. Ikabeua tena, kwa sauti isiyo na haya hata kidogo.

"Taratibu, utaharibu," alisema Profesa.

"Nimeshakuta imeharibika."

Mapovu yakawa madogo, kisha yakakoma. Maji yakatulia.

"Joto limekuja!" alipiga kelele mama mkwe, mkono ukiwa bado kwenye tundu. "Linaunguza!"

Mkewe akafunga kifuniko, Profesa akaligeuza tena gari, wakaondoka. Mshale uliteremka hadi katikati na haukucheza tena mpaka getini mwa hospitali.

Dirisha la uandikishaji walilifikia zikiwa zimebaki dakika mbili. Muuguzi alikuwa ameshashika pazia.

"Mngechelewa kidogo tu," alisema.

"Ni hewa, dada," alidakia Profesa, sauti ikisikika benchi zote. "Ilikuwa imenasa kwenye mfumo. Wengi hawajui, lakini ukigeuza gari likaangalia mlima, ukikamua mpira..."

Wagonjwa wawili waliitikia kwa heshima. Mkewe aliitazama mikono yake iliyochafuka, akataka kusema neno, lakini muuguzi alishainamia daftari.

"Bibi, jicho lisiloona ni lipi?"

"La kushoto, mwanangu. La kulia halina tatizo. Leo asubuhi nzima limemwona mkwe wangu."

Profesa alicheka kwa sauti kuliko wote. Muuguzi akaandika, akamshika bibi mkono, wakaingia ndani.